Huzuni Ikibisha Hodi

 

Ipo kauli moja isiyokosekana majumbani mwetu msiba unapoingia. Maiti hajatolewa ndani, mjane ameketi mkekani ameinamisha kichwa, na mkono wa jamaa unamgusa begani: "Jikaze, mama. Usilie. Wewe ni mtu wa imani." Asemaye hivyo husema kwa mapenzi. Lakini aambiwaye husikia neno la pili lililojificha ndani ya lile la kwanza, kwamba akilia, imani yake ni haba. Basi hufuta machozi, huinuka, huenda jikoni kuuliza kama wageni wameshapata chai.

Makala haya yanamhusu mama huyo. Yanamhusu pia aliyepewa talaka na kurudi kwao na watoto watatu. Na mzazi ambaye kijana wake ametekwa na unga. Na yule ambaye binti yake yuko Saudia kwa kazi za nyumbani na simu haijalia mwezi wa pili sasa. Na mvuvi ambaye msimu mzima wa kusi bahari haikumpa kitu, naye anaona haya kuingia kwake mikono mitupu. Kila mmoja wao ana mgeni mlangoni: huzuni, hofu, hasira au aibu. Wengi wetu tumelelewa tumfungie mlango mgeni huyo na kujifanya hatusikii hodi yake. Tukirejea katika Qur'ani na katika mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.), tutaona mafunzo mengine: mgeni afunguliwe, apewe mahali pa kukaa, lakini asiachiwe nyumba nzima.

Jicho, moyo na ulimi

Katika mwaka wa 10 wa Hijria, Mtume (S.A.W.) alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto wa Bibi Mariya, akiwa bado ananyonya. Alimchukua mtoto akiwa katika kukata roho, na machozi yakamtoka. Sahaba Abdurrahman bin Auf (R.A.) alishangaa, akauliza kama hata yeye Mtume wa Mwenyezi Mungu hulia. Akajibiwa kwamba hiyo ni rehema. Kisha Mtume akaeleza kuwa jicho hutoa machozi na moyo huhuzunika, na ulimi hausemi ila lile linalomridhisha Mola. Na akakiri waziwazi kwamba kutengana na Ibrahim kumemhuzunisha.

Tuyatazame mafunzo haya kwa utulivu. Vimetajwa viungo vitatu. Jicho limeachiwa litoe machozi. Moyo umeachiwa uhuzunike. Mpaka umewekwa kwenye ulimi. Lililokatazwa ni kuomboleza kwa mayowe, kujipiga mashavu, kuchana nguo na kutamka maneno ya kumlaumu Mwenyezi Mungu. Machozi hayamo katika makatazo hayo. Sa'd bin Ubada (R.A.) alipougua na Mtume akalia mbele yake, waliokuwapo walifundishwa kwamba Mwenyezi Mungu hamwadhibu mtu kwa chozi la jicho wala kwa huzuni ya moyo, na hapo Mtume akauashiria ulimi wake kuwa ndio wa kuchungwa.

Huenda msomaji akauliza: je, ile hadithi ya mwanamke aliyekuwa akilia kaburini? Ni kweli. Mtume (S.A.W.) alimpitia, akamhimiza amche Mungu na asubiri. Yule mwanamke, bila kumtambua, alimjibu kwa ukali kwamba aondoke, kwani yeye hakupatwa na msiba kama wake. Alipoambiwa aliyesema naye ni nani, alikimbilia mlangoni kwa Mtume kutaka radhi, akafundishwa kuwa subira ni ile ya pigo la kwanza. Hadithi hii hutumiwa sana kuwanyamazisha wafiwa. Ni vyema tuitazame hadi mwisho wake: mama yule aliyejibu kwa ukali hakukaripiwa wala hakuambiwa kwamba amekufuru. Aliachwa na uchungu wake, na alipokuwa tayari kusikia, alifundishwa kwa upole. Ni nani miongoni mwetu leo, akijibiwa vile na mfiwa, asingekwenda kuyasimulia barazani?

Nabii Yaaqub na wanawe

Sura ya Yusuf inatupa mfano mrefu zaidi wa huzuni katika Qur'ani. Wanawe walipomletea kanzu yenye damu ya uongo, Nabii Yaaqub (A.S.) alitamka kwamba lake ni subira njema. Miaka mingi ikapita, mtoto akauzwa, akakua, akafungwa gerezani, akapandishwa cheo Misri, na baba yake alikuwa bado anamlilia hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Ni mtu mmoja huyo huyo: mwenye subira njema, na mwenye macho yaliyofifia kwa kilio. Lau kilio kingekuwa kinyume cha subira, yasingekusanyika mawili haya kwa Nabii wa Mwenyezi Mungu.

Tena tuwasikilize wanawe. Walimlaumu kwamba hataacha kumtaja Yusuf mpaka aangamie. Sauti hiyo tunaijua. Ndiyo ya jamaa asemaye, "Mwaka umeshapita, bado unalia tu?" Yaaqub hakuwaficha kwamba ana huzuni, na hakugombana nao. Aliwaambia kuwa dukuduku lake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Alijizuia mbele ya watu, lakini alikuwa na mahali pa kumimina. Hapa pana tofauti kubwa ambayo wengi huikosa: kuizuia huzuni isivuke mipaka ni jambo moja, na kukana kwamba ipo ni jambo lingine kabisa. Wala huzuni hiyo haikumvunja mikono. Baada tu ya maneno yale, aliwatuma wanawe wakamtafute Yusuf na ndugu yake, akawakataza wasikate tamaa na rehema ya Mola.

Wanawake watatu

Kina mama wamepewa mifano yao wenyewe. Mama yake Nabii Musa (A.S.) alipomtia mwanawe mtoni, Qur'ani inatuambia kwamba moyo wake ulibaki mtupu, na kidogo tu angaliitoa siri, kama Mwenyezi Mungu asingaliutia nguvu moyo wake. Utupu wa moyo umetajwa bila ya lawama. Na akiwa katika utupu huo huo alimtuma binti yake amfuatilie mtoto kwa mbali. Hakungoja woga uishe ndipo atende.

Bibi Maryam (A.S.) uchungu wa uzazi ulipompeleka kwenye shina la mtende, peke yake, akihofia maneno ya watu wake, alitamani lau angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Hayo ni maneno mazito kutoka kwa mwanamke aliyetakaswa. Jawabu alilopewa halikuwa karipio. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji chini yake, akaelekezwa autikise mtende umwangushie tende mbivu, ale, anywe, atulie. Kwanza mwili ulipata maji na chakula. Mambo ya watu yalikuja baadaye.

Na Bibi Khawla binti Tha'laba (R.A.) alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kumshitaki mumewe aliyemtamkia maneno ya zama za ujahili ya kumfananisha na mgongo wa mama yake. Alibishana, akalalamika, akamlilia Mola wake. Yakateremka maneno ya mwanzo wa Sura ya Mujadila kutangaza kwamba malalamiko yake yamesikiwa, na hukumu ikawekwa kwa ajili ya wanawake wote walio baada yake. Kwa hiyo si kila mwanamke anayelalamika amekosa adabu. Wakati mwingine hasira ndiyo inayoonyesha mahali ilipo dhuluma.

Matanga na eda

Sasa tujitazame sisi wa pwani. Dini na mila zetu zimetuwekea mahali pa huzuni. Tatizo ni kwamba mahali hapo tumepajaza vitu vingine.

Ja'far bin Abi Talib (R.A.) alipouawa katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 wa Hijria, Mtume (S.A.W.) alikwenda nyumbani kwake, akawakumbatia watoto wake mayatima, akalia. Kisha akaagiza kwamba jamaa ya Ja'far wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Tulinganishe na matanga yetu. Ni mara ngapi mfiwa ndiye anayetafuta mchele, mafuta na mbuzi? Ni mara ngapi mjane anakopa ili wageni wasiseme kwamba khitma ilikuwa kavu? Siku tatu zinapita katika moshi na sufuria, na yeye hajapata hata saa moja ya kumlilia mumewe. Wageni wakishatawanyika, mikeka ikishakunjwa, ndipo huzuni inapobisha hodi. Na saa hiyo hakuna aliyebaki wa kuketi naye.

Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiagiza wafiwa wapikiwe talbina, uji laini wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema kuwa huutuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Tuzingatie: baadhi. Uji haukuahidiwa kumaliza huzuni yote, na haukukusudiwa hivyo. Bakuli la uji wa moto linalopelekwa na jirani siku ya ishirini, wakati watu wote wamekwisha kusahau, huenda likawa na uzito kuliko sinia la pilau la siku ya tatu.

Na eda je? Mjane asiye na mimba amewekewa miezi minne na siku kumi. Mwenye mimba, mpaka ajifungue. Tunajua hekima zake za nasaba na heshima ya ndoa. Lakini ndani yake mna hekima nyingine ambayo kizuka mwenyewe huihisi: ni muda uliolindwa. Hatakiwi kujipamba, haposwi waziwazi, hatarajiwi kucheka harusini. Jamii nzima inakiri kwamba mwanamke huyu amefikwa na jambo kubwa, na linahitaji muda. Tusiuharibu muda huo kwa mila za kutisha zisizo na asili katika dini, zinazomfanya ajione kama mkosi. Na asiye na mtu wa kumtafutia riziki asidhani amefungwa: wanazuoni wetu wameruhusu atoke mchana kwa haja zake, na masheikh wa mtaani watamfafanulia.

Njia za kukimbia

Tukiifungia huzuni mlango wa mbele, huzunguka uani. Mwingine hukimbilia kazini, hapumziki hata usiku. Mwingine hukimbilia simu mpaka adhana ya alfajiri. Mama aliyemeza hasira ya mkwe asubuhi huwamwagia watoto jioni. Kijana aliyefiwa na baba yake, akaambiwa kwamba mwanamume halii, hujikuta maskani akitafuna muguka ili asifikiri.

Na ipo njia iliyo mbaya kuliko zote. Mji wetu wa Malindi umeishi na heroini kwa miongo kadhaa. Omari Project ilianzishwa hapa mwaka wa 1995 kuwasaidia waliotekwa na unga, na tangu 2015 hospitali ya Malindi imekuwa ikitoa methadoni kwa wanaotaka kuacha. Si kila aliyeonja unga alikuwa akikimbia majonzi. Wapo walioponzwa na marafiki na ukosefu wa kazi. Lakini heroini ni dawa ya kufisha maumivu, ya mwili na ya moyo, na ndiyo maana anayeiacha hukutana na kila kitu alichokizika: kifo asichokililia, aibu asiyoisema, hofu aliyoificha. Akikosa wakati huo mtu wa kumsikiliza bila kumhukumu, njia ya kurudi kwenye unga ni fupi. Wazazi wake nao hukimbia kwa namna yao: humficha, husema amesafiri. Wahenga wametuonya kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

Namna ya kumpokea mgeni

Tufanye nini basi? Hapa pana mambo machache ambayo familia yoyote inaweza kuyaanza wiki hii.

La kwanza, mwite kwa jina lake. Kusema "nina mawazo" hakutoshi. Je, ni huzuni? Ni hofu ya kodi ya nyumba? Ni wivu kwa mke mwenza? Ni hasira kwa ndugu aliyekula urithi? Jambo likishapewa jina hupungua ukubwa, na njia yake hujulikana: urithi una kadhi, kodi ina mazungumzo na mwenye nyumba, huzuni ina machozi.

La pili, mpe saa na mahali. Baada ya isha, au katika theluthi ya mwisho ya usiku, juu ya mswala. Sijida ni mahali pa kusema kwa Kiswahili chako cha nyumbani kile usichoweza kumwambia mtu. Usianze kwa kumwomba Mola akuondolee huzuni mara moja. Mweleze kwanza kwamba unayo, kama alivyofanya Nabii Yaaqub.

La tatu, chagua mtu mmoja mwenye siri. Zamani kila mwanamwali alikuwa na somo wake wa kumshauri. Mtafute wako: shoga mwaminifu, shangazi, mwalimu wa madrasa. Mmoja anayesikiliza ni bora kuliko kumi wanaotoa ushauri.

La nne, utunze mwili kama alivyotunzwa Bibi Maryam. Kula hata kidogo, lala, tembea ufukweni asubuhi na mwanao. Na mgeni akiwa ni hasira, tumefundishwa kwamba aliyesimama aketi, na ikiendelea alale chini. Hatukuambiwa tujifanye hatuna hasira. Tumeelekezwa namna ya kukaa nayo mpaka ipoe.

Kwa walio karibu na mwenye majonzi: punguzeni "jikaze". Ketini naye. Pelekeni chakula, osheni vyombo, chukueni watoto kwa siku moja. Rudini baada ya arobaini. Na watoto wa kiume wanapolia, waacheni walie, Mtume (S.A.W.) alimlilia mjukuu wake mbele ya masahaba wazima, naye akaeleza kwamba hiyo ni rehema ambayo Mwenyezi Mungu huiweka katika nyoyo za waja wake.

Huzuni inapokuwa maradhi

Yapo majonzi yasiyokubali kuondoka. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mwanazuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka wa 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya miili na ya nafsi. Alitofautisha huzuni ambayo sababu yake inajulikana, kama vile kufiwa, na ile inayomvaa mtu bila sababu anayoijua, akaeleza kwamba hii ya pili ina asili yake mwilini na inahitaji tiba. Kwa hiyo kutafuta daktari wa maradhi ya nafsi si jambo la kuletwa na wageni. Wanazuoni wetu walilijua.

Ikiwa mtu wako kwa wiki mbili na zaidi halali, hali, haoni ladha ya chochote, hawezi kumshughulikia mtoto wake mchanga, au anasema kwamba ni heri afe, msimwambie aongeze dua peke yake. Dua iende pamoja na tiba. Anzeni hospitali ya Malindi au ya Kilifi, nao watawaelekeza mbele. Mombasa, hospitali ya Port Reitz ina huduma ya maradhi ya akili. Anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake, hata usiku mmoja. Baadhi ya familia huficha tukio kama hilo kwa kuogopa polisi. Wajue kwamba mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Kujiua kunabaki haramu katika dini yetu, na kwa sababu hiyo hiyo ni wajibu wetu kumwokoa mgonjwa kabla hajafika huko.

Wavuvi wetu hawaulizi kama kusi itavuma mwaka huu, wanajua itavuma. Wanapunguza tanga, wanakaa karibu na mwamba, na siku nyingine wanabaki pwani wakishona nyavu. Hakuna anayeona kwamba wamekosa ushujaa. Nasi tusimwone dhaifu mama aliyefunga mlango wa chumba chake leo akamlilia mtu wake. Kesho atatoka, Inshaallah, na wageni watapata chai yao.

Ewe Mola wetu, zitulize nyoyo zilizojeruhiwa, wape wafiwa wetu subira iliyo njema, warejeshee wazazi watoto waliopotea, na utufanye wenye kuketi na wenye huzuni bila ya kuwachoka. Amin.